Hakuikimbia Tiba, Kaikimbia Lugha

Wapo wasemao kwamba mgonjwa wa nafsi aliyeanza tiba ya mazungumzo, akahudhuria mara mbili tatu kisha asionekane tena, ni mjinga aliyerejea kwa mganga. Hukumu hiyo ni nyepesi, tena ina dharau. Ni kweli kwamba nauli ya kutoka Makunduchi au Nungwi hadi mjini ni mzigo, na kwamba wengi huona haya kuonekana wakiingia Kidongo Chekundu. Lakini aliyeishinda nauli na haya, akafika, akaketi, kisha akaondoka, kaondoshwa na nini?

Kaondoshwa na lugha. Mnasihi humuuliza waziwazi habari za mume, za mavyaa na za chumbani, katika mji ambao sitara ndiyo heshima ya mtu. Watu wa Unguja hawakukosa njia ya kuusema uchungu wao. Mwanamke huyavaa maneno yake katika kanga. Na kwenye taarabu huinuka kumtunza mwimbaji penye ubeti unaomhusu, na mlengwa akafahamu. Mnasihi asiyejua kulipokea fumbo humwona mgonjwa kuwa anaficha; mgonjwa naye huona anavuliwa nguo.

Kisha huja dodoso la maswali 9, lililochapishwa Marekani mwaka 2001. Tafsiri yake yaweza kuwa sahihi kisarufi, lakini kila mfasiri anajua kwamba usahihi huo hautoshi. Mtu alalamikaye kwamba moyo unamwenda mbio na kichwa kimejaa mawazo huulizwa kama amepungukiwa na hamu ya kufanya mambo.

Zimbabwe walianzia kwa mgonjwa. Katika miaka ya 1990 dodoso lao la maswali 14 lilitungwa kutokana na kauli za Washona wenyewe. Mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda akaanzisha Mbare, mjini Harare, benchi la urafiki, ambapo akina bibi huwasikiliza wenye "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba walioketi hapo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika Zanzibar. Lakini maneno ya Kishona hayawezi kumfaa mtu wa Ng'ambo au Shangani. Yake yamo kinywani mwake.

Basi wanaofunza wanasihi wawafunze pia kusikiliza mafumbo, na kumwacha mgonjwa azunguke hadi afike mwenyewe. Wasipofanya hivyo, wasimwite mjinga anayeondoka.