Kabla ya Kupokea Mabati, Tuulize Bei ya Kahawa



Wapendwa wanaparokia na viongozi wa walei,

Mavuno ya kahawa yanapokwisha, vigango vyetu katika wilaya za Karagwe na Kyerwa huandaa harambee. Mgeni rasmi huketishwa mbele, jina lake hutangazwa kwa kipaza sauti, naye hutaja idadi ya mabati au mifuko ya saruji atakayotoa. Vigelegele hupigwa, kwaya huimba, nasi viongozi husimama kumshukuru. Hatukusudii kumvunjia heshima mtoaji yeyote. Hata hivyo, tunaona ni wajibu wetu kuuliza swali ambalo kwa muda mrefu tumelikwepa: mali hiyo imepatikanaje, na ni nani aliyelala njaa ili ipatikane?

Nchi yetu imewaona matajiri wanaokumbukwa kwa ukarimu wao. Marehemu Reginald Mengi, aliyekulia katika umaskini huko Machame, akaanzisha kampuni za IPP na kufariki Mei 2019, alizoea kuwaalika watu wenye ulemavu kula naye chakula kila mwaka. Ali Mufuruki, mzaliwa wa Bukoba katika mkoa wetu wa Kagera, aliyefariki Desemba 2019, alijishughulisha na malezi ya viongozi vijana, na pamoja na wenzake akaandika kitabu juu ya safari ya Tanzania kuelekea nchi ya viwanda. Mohammed Dewji aliahidi mwaka 2016 kutoa walau nusu ya utajiri wake kwa ajili ya wahitaji. Hatuwaleti watu hawa mahakamani, na mema yao hatuyakani. Tunachokataa ni mazoea ya kumpima tajiri kwa kile alichotoa tu, bila kuuliza alivyokipata.

Kisa cha Andrew Carnegie wa Marekani chatufundisha. Fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500, na jina lake lingali linaheshimiwa. Lakini mwaka 1892, katika kiwanda chake cha chuma cha Homestead, uongozi ulitaka kupunguza ujira. Wafanyakazi walipokataa walifungiwa nje, walinzi wa kukodiwa wakaletwa, na watu wakauawa kwa risasi. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Papa Leo XIII alikuwa amefundisha katika waraka wa Rerum Novarum kwamba mapatano hayawi ya haki kwa sababu tu mnyonge ameyakubali. Maana mtu aliyebanwa na shida hukubali hata lile linalomdhulumu.

Fundisho hilo latuhusu sisi tulio mbali na viwanda vya chuma. Mashambani petu dhuluma ya namna hiyo ina jina, nalo ni butura. Januari mtoto anahitaji sare na madaftari. Machi mama analazwa hospitalini. Kahawa ingali mbichi mtini. Hapo huja mnunuzi mwenye fedha taslimu, huitazama mibuni, hutaja bei yake, na mkulima hupokea. Tuchukue mfano mwepesi: gunia ambalo wakati wa mavuno lingeuzwa shilingi 150,000 linaondoka kwa shilingi 50,000. Kwa miezi minne au mitano, shilingi 50,000 zimezaa 100,000. Benki ikitoza riba ya namna hiyo tutapiga kelele. Mlanguzi akiitoza, tunaiita biashara.

Serikali imekwisha kuipiga marufuku butura, na mwaka 2018 iliagiza kahawa ya wakulima iuzwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Pamoja na hayo butura haijatoweka, kwa kuwa shida inayoizaa ingalipo.

Tuendelee na hesabu ile ile. Mtu aliyenunua magunia 100 kwa njia hiyo amejipatia shilingi 10,000,000 zilizokuwa haki ya wakulima. Akija kwenye harambee na kutoa 1,000,000, tunamwita mfadhili na kumpa kiti cha mbele. Mjane aliyemwuzia magunia mawili amepoteza 200,000, naye ameketi nyuma na sarafu yake mkononi, akiona haya kwa udogo wa sadaka yake. Ndugu zetu, ni nani hasa aliyeezeka kanisa hilo?

Zakayo alipompokea Bwana hakuahidi tu kuwapa maskini nusu ya mali yake. Aliahidi pia kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya. Hakuweka sadaka mahali pa malipo. Naye Mtume Yakobo aonya kwamba ujira waliozuiliwa wavunaji unalia mbele za Mungu. Kilio hicho hakinyamazishwi na mabati.

Wapo watakaotujibu: "Usiku mtoto wangu alipozidiwa, mlanguzi ndiye aliyenifungulia mlango. Ninyi wa kanisa mlikuwa wapi?" Jibu hilo linatuchoma, nasi tunakiri kwamba ni la kweli. Tumehubiri juu ya uvumilivu, ilhali hatukuweka akiba ya kumwokoa jirani katika miezi ya njaa. Tumenyamaza pia kwa sababu tulihitaji paa, na ukimya wetu umekuwa sehemu ya bei ya paa hilo. Vilevile ushirika unapochelewa kumlipa mkulima, humsukuma mikononi mwa mlanguzi. Viongozi wake nao wana hesabu ya kutoa.

Kwa hiyo tunazisihi halmashauri za walei zifanye mambo matatu. Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ianzishe mfuko wa dharura, wanajumuiya wachangie wakati wa mavuno, na mwenye ugonjwa au msiba akopeshwe bila kuuza kahawa iliyo mtini. Pili, majina ya watoaji na viwango vyao yasitangazwe tena kanisani. Sadaka ya tajiri na ya mjane ziwekwe kapu moja. Tatu, paroko pamoja na viongozi wawaendee kwa upole wanunuzi wanaosali pamoja nasi, wawaombe waachane na butura na kurudisha walichokichukua kwa njia hiyo. Atakayefanya hivyo atakuwa amewasaidia maskini kuliko kwa mabati elfu.

Kanisa letu linaweza kukaa chini ya nyasi kwa miaka kadhaa na bado likawa kanisa. Likijengwa kwa jasho la aliyedhulumiwa, huku likimsifu aliyedhulumu, tutakuwa tumemwezekea Mungu nyumba asiyoiomba.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya:

1. Ni familia ngapi kati yetu zimeuza kahawa kwa butura mwaka huu, na zilisukumwa na shida gani?
2. Je, tumewahi kuogopa kusema ukweli kwa kuwa aliyehusika ni mfadhili wetu?
3. Mfuko wa dharura wa Jumuiya yetu utaanza lini, na nani atautunza?

Bwana atujalie njaa na kiu ya haki. Amina.