Mlango wa Siri Uliogoma Nusu

Mama mmoja wa Mpondwe, fundi wa cherehani ambaye wateja wake wengi huvuka mto Lhubiriha wakitoka Kasindi, alirudi nyumbani jioni moja akakuta kesi inamngoja. Mshitaki alikuwa binti yake wa miaka 13. Mshitakiwa alikuwa mvulana wa miaka 7, mdogo wake binti huyo. Kosa lililodaiwa ni kuharibu mlango, na mlango wenyewe haukuwa wa mbao wala wa bati, bali ulikuwa ndani ya simu.

Mlango huo ulijengwa na baba yao, koplo wa jeshi, akisaidiwa na binti huyo, katika siku za mwisho za likizo yake. Tangu aliporudi kikosini, watoto walikuwa wakiufungua kwa zamu kila jioni, maadamu simu ina chaji. Nyuma yake mlikuwa na chumba ambacho baba aliahidi kukimaliza likizo ijayo. Sasa nusu moja ya mlango ilifunguka na nusu nyingine ikabaki imefungwa kabisa, na binti alikuwa amekwisha shika sururu ya mchezoni ili aubomoe ukuta wote. Mvulana alikuwa analia. Alisema hakuugusa mlango, na dada yake alisema ni mwongo.

Mchezo wenyewe huitwa Minecraft. Ulianzia Uswidi mwaka 2009, ukatolewa ukiwa kamili mwaka 2011 na kampuni ya Mojang, ambayo ilinunuliwa na Microsoft ya Marekani mwaka 2014. Humo kila kitu, kuanzia mlima hadi kitanda, kimejengwa kwa mfano wa matofali, na mchezaji huyang'oa na kuyapanga apendavyo. Wazazi wengi huuona kuwa ni njia ya kumaliza chaji tu. Hata hivyo Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, lenye makao makuu yake Nairobi, lilianza kushirikiana na kampuni hiyo mwaka 2012, na kwa mchezo huo huo wananchi wa mitaa mbalimbali, wakiwamo wa Kibera, wamepanga viwanja na bustani zao kabla ya wajenzi kuanza kazi.

Kilicho kigeni kwa mzazi ni lile vumbi jekundu ambalo wachezaji huliita redistoni. Vumbi hilo ndilo waya wa umeme wa dunia ile. Likimwagwa chini kwa mstari, huchukua nguvu kutoka kwenye wenzo au kitufe na kuipeleka kwenye mtambo. Pistoni ipatapo nguvu husukuma tofali lililo mbele yake. Ikiwa imepakwa ulimbo, hulivuta tena inaporudi. Mwenge mwekundu nao hufanya kinyume cha mambo, kwa kuwa tofali ulilopachikwa likipata nguvu, mwenge huzimika. Kwa vitu hivyo vichache watu hujenga madaraja yanayochomoza majini, maghala yanayojipanga yenyewe na milango isiyoonekana. Na kwa kuwa sifa ya mlango wa siri ni kutoonekana, vumbi lote hufukiwa chini ya sakafu, na pistoni hufunikwa kwa mawe. Siku ya kuharibika, mwenyewe husimama mbele ya ukuta wake kama mgeni.

Mama hakuujua mchezo huo. Alichokijua ni cherehani, na fundi wa cherehani haanzi kazi kwa kufungua skrubu. Mshono ukiruka, kwanza huutoa uzi wote akautunga upya, kisha huitazama sindano kama imepinda au imewekwa kinyume, kisha bobini. Kasoro nyingi huishia hapo, na tumbo la mashine halijaguswa.

"Weka sururu chini, mwanangu," alisema. "Ukikwisha kuubomoa, utajuaje kilichoharibika?"

"Mama, nitajenga mwingine."

"Huo mwingine hautakuwa wa baba yako."

Akauliza kama hakuna njia ya kuweka akiba. Ilikuwapo. Katika orodha ya dunia zilizohifadhiwa mna mahali pa kuiga dunia nzima, na binti alikuwa akipaona kila siku bila kupatumia. Wakatoa nakala, wakaingia katika nakala, na ile dunia ya asili wakaiacha kama ilivyo. Hili ni jambo ambalo wachezaji wengi hulikumbuka baada ya kubomoa.

Swali la pili lilikuwa la kipolisi hasa: mlango ulionekana mzima kwa mara ya mwisho lini, na tangu wakati huo nani kafanya nini? Katika dunia ya kweli swali hilo halitoshi, kwa sababu chuma hupata kutu na mpira hukatika wenyewe pasipo mtu kuugusa. Katika Minecraft pistoni haizeeki na vumbi haliliwi na panya. Mtambo uliofanya kazi juzi na ukagoma leo umebadilishwa na kitu au mtu. Huenda maji yamepita yakazoa vumbi. Huenda kripa, lile zimwi la kijani, limelipuka karibu na ukuta. Au mkono wa mtu umeweka ama umeondoa tofali. Maji hayakuwapo, wala shimo la mlipuko.

"Ndiyo nasema ni yeye," alisema binti.

"Sijauliza nani. Nimeuliza nini."

Mama akamwomba avute wenzo polepole, naye akatazama. Mlango ulikuwa na pistoni nne zenye ulimbo, mbili kulia na mbili kushoto. Wenzo ulipovutwa, zile za kulia zilirudi ndani pamoja na mawe yake. Za kushoto hazikutikisika. Binti alikuwa amekwisha amua kwamba pistoni za kushoto zimekufa. Kumbe alichokiona kilikuwa kinamweleza mengi zaidi. Taa zikizimika nyumbani, mtu mwenye akili huchungulia kwanza kwa jirani. Kwa jirani kukiwa na mwanga, hana haja ya kuwalaumu watu wa umeme, wala kuwaza kwamba mitambo ya Bugoye, inayozungushwa na maji ya Mubuku kutoka Rwenzori, imesimama. Kasoro iko kati ya nguzo na chumba chake. Vivyo hivyo, maadamu upande wa kulia ulifunguka, wenzo ulikuwa mzima, na vumbi lilikuwa zima tangu kwenye wenzo hadi pale njia zinapogawanyika. Kilichobaki cha kuchunguzwa ni mstari wa kushoto peke yake. Nusu ya ukuta ilikwisha kuokoka.

Sasa wakafuata mstari huo kwa mpango ambao mama aliushikilia kwa ukali: kung'oa tofali moja la sakafu, kutazama, kulirudisha mahali pake, ndipo kung'oa jingine. Vumbi lenye nguvu hung'aa na lisilo na nguvu hufifia, kwa hiyo jicho linatosha kuwa kipimo. Kazi ingekuwa nyepesi zaidi kama baba angeweka sufi za rangi chini ya vumbi, nyekundu kwa njia ya kulia na buluu kwa njia ya kushoto, kama wafanyavyo wajenzi waangalifu, au kama angeacha hata tundu moja la kuchungulia nyuma ya ukuta. Koplo hakufanya hivyo. Wanaume wengi wakijenga huamini kwamba watakuwapo siku zote kueleza.

Vumbi liling'aa chini ya sakafu, likazunguka kizingiti, likatokea nyuma ya ukuta karibu na zizi. Hapo mstari ulipaswa kupanda ngazi moja ili ulifikie tofali lenye mwenge. Chini ya ngazi vumbi liling'aa, ingawa kwa unyonge. Juu ya ngazi lilikuwa jeusi. Na juu kabisa ya lile vumbi la chini palikuwa na jiwe.

Vumbi hupanda ngazi ikiwa tu juu yake pako wazi. Tofali zito likiwekwa juu ya vumbi la chini, njia ya kupandia hukatika, kama vile mkasi umepita. Baba alikuwa ameacha pale tundu lenye kina cha matofali mawili, na tundu hilo lilikuwa sehemu ya mtambo, ingawa kwa macho lilifanana na kazi isiyomalizika.

"Jiwe hili nani kaliweka?" aliuliza mama, safari hii akimtazama mvulana.

"Mimi," alisema mvulana. "Ng'ombe wangu alitumbukia, Mama. Nikafukia shimo. Mlango sikuugusa."

Alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Hakuugusa mlango. Mtoto wa miaka 7 aliyeona shimo lenye ng'ombe ndani yake amelifukia, jambo ambalo mtu mzima yeyote angemsifu kwalo huko nje. Kosa, kama lipo, ni la mtambo uliofichwa hata watu wa nyumbani wasijue mipaka yake.

Binti hakungoja hukumu. Aling'oa jiwe, akasema, "Nilisema ni yeye," akauvuta wenzo kwa nguvu kana kwamba kioo cha simu kinajua hasira. Nusu ya kulia ikafunguka. Nusu ya kushoto ikabaki kama ilivyokuwa.

Hapa ndipo watafuta hitilafu wengi hupotea. Wakipata kosa moja huamini kwamba wamelipata lote, na mtambo ukiendelea kugoma hudhani kwamba lile la kwanza halikuwa kosa, wakarudisha jiwe na kuanza upya mahali pengine. Mama alilikataa wazo hilo. Jiwe lilikuwa likikata njia, hilo lilionekana wazi. Kwa hiyo lilikuwa na mwenzake. Akauliza kwa nini vumbi la chini ya ngazi lilikuwa na mwanga hafifu kuliko lile la karibu na wenzo.

Binti alilijua jibu, maana baba yake alimfundisha. Nguvu ya wenzo hupungua kila inapopita tofali moja. Kwa vumbi tupu hufika matofali 15, na tofali la 16 halipati kitu. Akaanza kuhesabu kwa kidole, tangu kwenye wenzo, chini ya sakafu, kuzunguka kizingiti. Alipofika ngazini alikuwa amekwisha punguza sauti. Njia ya kulia ilikuwa na matofali 12. Ya kushoto ilikuwa na 17.

"Baba yako alihesabu vibaya?" aliuliza mama.

Binti alikaa kimya kidogo. Kisha akasema kwamba wenzo haukuwa pale zamani. Asubuhi ya siku ile ile yeye mwenyewe aliusogeza matofali matatu mbali na mlango, ili kuuficha vizuri zaidi nyuma ya kabati la vitabu, akaunga vumbi, asiujaribu. Kabla ya hapo mstari wa kushoto ulikuwa na matofali 14, na baba alikuwa amebakiza moja tu la akiba.

Mama hakusema neno. Alikwenda kutazama maharage jikoni, na inawezekana kabisa kwamba hayakuhitaji kutazamwa.

Aliporudi, binti alikuwa anaweka ripita katika mstari wa kushoto. Hicho ni kifaa kinachopokea nguvu iliyochoka na kuitoa ikiwa mpya, ili iende matofali 15 mengine. Mara ya kwanza aliiweka kinyume, na mstari wote wa mbele yake ukazimika, kwa sababu ripita hupitisha nguvu upande mmoja tu. Akaigeuza. Pistoni za kushoto zikarudi ndani, na kile chumba kisichomalizika kikaonekana.

Lilibaki suala la ng'ombe. Tundu likiachwa wazi atatumbukia tena, na likifukiwa kwa jiwe mlango utagoma tena. Binti akakumbuka kwamba kioo hakikati njia ya vumbi kama jiwe linavyofanya. Tofali la kioo likiwekwa juu ya tundu, ng'ombe hupita juu yake na nguvu hupanda chini yake. Wakajaribu, mlango ukafunguka.

Kwa faida ya nyumba nyingine, yapo makosa mengine yanayofanana na haya. Pistoni haisukumi zaidi ya matofali 12, wala haiwezi kulisogeza jiwe jeusi la obsidiani. Mwenge unaowashwa na kuzimwa kwa haraka mno huungua ukazimika. Mtambo ulio mbali sana na mchezaji husimama hadi arudi karibu. Na mlango ulionakiliwa kutoka kwenye video ya mtu anayechezea kompyuta huenda usifanye kazi kwenye simu hata ukijengwa bila kosa, kwa kuwa kanuni za vumbi katika matoleo hayo mawili zinatofautiana kidogo.

Mvulana, ambaye sasa alikuwa amefuta machozi, ndiye aliyegundua kwamba nusu ya kushoto inachelewa kidogo kuliko ya kulia. Ni kweli, ripita hukawiza nguvu kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Dada yake akaweka ripita nyingine katika njia ya kulia, na nusu zote mbili zikaenda pamoja. Kisha akatia kibao ukutani, akaandika idadi ya matofali ya kila njia na mahali lilipo tundu.

Hayo yote yalikuwa katika nakala. Mlango wa baba ulikuwa bado umegoma. Wakafungua dunia ya asili wakairudia kazi tangu mwanzo, na mara hii haikuchukua hata dakika kumi. Walipofika kwenye tundu, binti akampa mdogo wake simu, naye akaliweka lile tofali la kioo kwa mkono wake mwenyewe.