Kwani hicho kinatoka kwenye tesiti?

Haya wadau, nimerudi. Najua niliahidi kuandika wiki iliyopita, lakini tesiti zilitubana na hosteli yetu ikakaa giza siku mbili. Hayo tuyaache. Leo nina hasira kidogo, na imeletwa na swali moja tu.

Jana jioni nimejilaza kitanda cha juu, nasoma zangu Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi. Nimefika pale Yasmini keshamkimbia mume mzee waliyemwoza, kajikuta Ng'ambo kwa Mwajuma, na mambo ndo kwanza yanaanza kunoga. Jamaa yangu wa kitanda cha chini akainua kichwa, akaangalia jalada, akauliza: "Kwani hicho kinatoka kwenye tesiti?" Nikamwambia hapana. "Sasa unakisomea nini?" Nikasema nakipenda tu. Basi bwana, alicheka! Akaita na jirani zetu waje kumwona mtu wa uhandisi anayesoma kitabu cha fomu siksi.

Nilinyamaza. Leo sinyamazi.

Hivi jamani, nani alituambia kitabu kina umri? Kwamba riwaya ya Kiswahili ukishaifanyia mtihani inakufa, unaizika pamoja na sare za shule? Vuta n'Kuvute ilitoka mwaka 1999. Mwaka 2021 Amil Shivji akaitoa kama filamu, ikaonyeshwa mpaka Toronto. Watu wa huko walikaa ukumbini kuitazama, sisi huku tunaiita kitabu cha fomu siksi. Ukimuuliza huyo anayecheka inahusu nini, atakutajia dhamira tano na falsafa ya mwandishi, kama alivyokariri kwenye desa. Denge alikuwa mtu wa namna gani? Hajui. Hakusoma kitabu, alisoma uchambuzi wa kitabu. Ni sawa na mtu aliyesoma menyu ukutani halafu anatuhadithia ladha ya pilau.

Simlaumu yeye peke yake. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo hivyo. Takadini na Watoto wa Mama N'tilie nilivisoma na kalamu mkononi, nawinda "hoja". Ukicheka mahali pa kuchekesha, mwalimu anakuuliza umeona nini. Tulifunzwa kukichinja kitabu na kutoa utumbo, hatukufunzwa kukaa nacho. Halafu tunafika chuo, tunashangaa kwa nini mtu mzima na akili zake hana hamu ya kusoma kitu asichopewa maksi.

Kuna kundi la pili, hilo ndo linaniudhi zaidi. Hawa ukiwauliza wanasoma nini, jibu liko tayari: Rich Dad Poor Dad. Kila mwaka ni hicho hicho! Nacho ni cha 1997, kama ni utajiri ungekuwa umeshafika hosteli. Sisemi kitabu ni kibaya, asome anayetaka. Ninachokataa ni ile dharau, kwamba kitabu cha Kiingereza cha kukufundisha kupata hela ndo usomaji, na riwaya ya Kiswahili ni mchezo wa watoto. Kezilahabi aliandika Kichwamaji mwaka 1974, habari za kijana wa chuo kikuu anayerudi kwao na elimu yake ikashindwa kumfaa. Miaka hamsini na zaidi imepita. Kisome halafu uniambie kama hukujiona humo ndani. Mimi nilijiona, nikakifunga siku tatu.

Sasa niwaambie kwa nini nalivalia njuga jambo hili.

Mwaka jana nilisoma Kuli, ya huyo huyo Adam Shafi, iliyotoka 1979. Inamhusu Rashidi, kijana anayeingia kazi ya kubeba mizigo bandarini Unguja, mpaka unafika mgomo wa 1948, ambao ni mgomo wa kweli, uko kwenye historia. Nikafika zile kurasa za makuli na mizigo mgongoni, nikashindwa kuendelea. Kwa sababu baba yangu alikuwa kuli.

Bandari ya Tanga. Nimekua najua hivyo, lakini hatukuwahi kulizungumza. Nikiwa sekondari, wenzangu wakiniuliza mzee anafanya nini, nilikuwa nawajibu "yuko bandarini", halafu nanyamaza ili wafikirie ni karani. Miaka minne nimesema hivyo. Mzee mwenyewe bega la kulia limeshuka, limekaa chini kuliko la kushoto, na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Usiku ule nikampigia. Nikamwambia, "Shikamoo baba, nasoma kitabu cha makuli." Kimya. Akasema, "Marahaba. Kitabu cha makuli? Nani kaandika?" Nikamsomea ukurasa mmoja. Akanikatiza katikati, akaanza kusema yeye. Kwamba meli zilikuwa hazifiki gatini, zinatia nanga mbali, mzigo unapelekwa kwa tishari, kwa hiyo gunia moja mnalishika mara mbili. Kwamba gunia la kahawa ni kilo sitini, na ukiwa kijana unaona sifa kulikimbia nalo. Na bega akaniambia lilivyokuwa. Tuliongea mpaka salio likaisha, na mzee wangu si mtu wa maneno mengi. Alinipigia yeye tena asubuhi, alikuwa amekumbuka mengine.

Kitabu kile hakikutoka kwenye tesiti yoyote. Sikupata hata maksi moja. Sasa rudini mniulize nakisomea nini.

Najua mtasema muda hakuna. Jamani, tusidanganyane. Muda wa kukesha na mikeka ya mpira tunao, na muda wa kubishana kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka saa nane za usiku tunao pia. Kurasa kumi kabla ya kulala hazijawahi kumletea mtu sapu. Na kwa kuwa kaka yangu husoma hapa: bro, sapu yangu ya semista iliyopita ilitokana na hesabu, Adam Shafi hahusiki.

Mtasema pia hela hakuna. Hapo nakubali nusu. Vitabu ni ghali na bumu likija lina wenyewe. Ila nina dhambi ya kuungama. Kuli niliisoma kwa kopi, nimetoa stesheneri kurasa zote na kubana na pini, nikajiona mjanja. Yaani mtu kaandika habari za watu waliobeba mzigo bila kulipwa haki yao, na mimi nikambebesha yeye bila kumlipa! Nilipogundua hilo nilijionea haya. Ndo maana Vuta n'Kuvute niliinunua, nimekula ugali maharage wiki mbili, na sijafa. Kama huna kabisa, changeni watu watano mnunue kimoja mpokezane. Chips mnachanga, kitabu mnashindwa nini?

Jambo la mwisho. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitoa Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994. Nobel akapata 2021. Tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ikatoka 2022. Miaka ishirini na nane hadithi ya pwani yetu inazunguka dunia, na lugha ya pwani yenyewe haina nakala! Tunawalaumu wachapishaji, sawa. Lakini mchapishaji atamchapia nani, kama hata msomi wa chuo anamcheka mwenzake kwa kushika riwaya?

Basi, mie naendelea na Yasmini wangu, bumu likitoka nanunua Peponi. Ile kopi yangu ya Kuli leo asubuhi niliiona chini ya mto wa yule jamaa aliyecheka. Sijamwambia kitu.

Nanyi je, mnasoma nini? Msinitajie desa.