Goti la msichana si sababu ya kumtoa uwanjani

Wacheni hii stori ya "magoti ya wasichana ni mabovu." Dada akiumia kwenye boli hapa Vanga, washauri washafika: "Tulisema, hii ni gemu ya wanaume!" Haya, tuongee ukweli.

Ndani ya kila goti kuna magegedu mawili yenye umbo la C, yanaitwa meniskasi. Yanapunguza kishindo, kama springi za bodaboda. La upande wa ndani limebanwa zaidi, halisogei sana, kwa hivyo huchanika zaidi. Ali yuko hivyo, Mwanasha yuko hivyo. Na wanaochanika meniskasi, wengi ni wanaume! Mbona hao hamuwaambii wakae nyumbani?

Tofauti ipo, sikatai. Kwenye soka, ile kano ya katikati inayozuia goti kuteleza hukatika zaidi kwa wasichana, na mara nyingi meniskasi huchanika nayo. Umbo la mifupa linachangia, lakini pia misuli, na vile unavyotua ukiruka. Mifupa hubadilishi. Kutua unafundishwa.

Norway walifuatilia wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakatoka 2008. Timu zilizopasha mwili kwa mazoezi maalum ya dakika 20 zilipunguza majeraha mabaya karibu nusu. Bila mashine yoyote.

Timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia ni Junior Starlets, 2024. Wasichana hao! Kocha, kabla hujamtoa dada uwanjani, mpe kwanza hizo dakika 20.