Wapagazi nao wapakwe rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo baadhi ya wasomaji huenda wakaliona la kitoto.

Mimi ni mchora mabango mstaafu. Tangu magoti yalipokataa kupanda ngazi, burudani yangu imekuwa kupaka rangi visanamu vya bati vya askari, ambavyo kimo chake hakifiki hata kidole cha mwisho cha mkono. Mpwa wangu aliyeko Uingereza ndiye aliyenianzisha. Huko wapo watu wazima wenye mvi zao wanaonunua visanamu hivyo, wakavipaka rangi na kuvipanga mezani kuigiza vita vya zamani. Miongoni mwa vita wanavyopenda kuviigiza ni vile vya Waingereza na Wajerumani vilivyopiganwa katika nchi yetu tangu 1914 hadi 1918.

Jirani yangu mmoja aliponikuta na kioo cha kukuzia alisema kwamba hiyo ni kasumba ya kikoloni, mzee mzima kukaa kibarazani akiwapamba mabwana waliotutawala. Sikukubaliana naye, lakini lazima nikiri kwamba maneno yake yalinifanya nilitazame upya lile boksi nililoletewa. Mlikuwa na visanamu 24. Alikuwamo ofisa wa Kijerumani mwenye darubini, walikuwamo wapiga bombom, mpiga tarumbeta, na askari Waafrika waliopiga goti na waliosimama. Mpagazi hakuwamo hata mmoja! Nilipomwuliza mpwa wangu alinijibu kwamba wapagazi wapo, ila huuzwa mbali, na wachezaji wengi hawajisumbui kuwanunua kwa kuwa hawapigi risasi.

Ndugu Mhariri, hapo ndipo penye dukuduku langu. Vita vile vilikwenda kwa vichwa na miguu ya wapagazi. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe, na mbali na reli hapakuwa na barabara za kutosha. Kila risasi, kila gunia la unga na kila kitanda cha ofisa vilibebwa na mtu. Kompania moja ya Wajerumani yenye askari 160 hadi 200 ilifuatana na wapagazi wapatao 250. Kwa upande wa Waingereza, wanahistoria hukadiria kwamba waliochukuliwa kubeba mizigo walikaribia 1,000,000, na kwamba waliokufa hawakupungua 90,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na unga usioiva vizuri. Kwa upande wa Wajerumani hakuna orodha ya maana iliyowekwa. Leo tunataja Kariakoo mara kumi kwa siku tukienda kununua vitunguu, na wengi hatukumbuki kwamba jina hilo limetokana na jeshi la wapagazi wa Waingereza waliokaa pale baada ya mji kutekwa mwaka 1916.

Babu yangu mzaa baba alichukuliwa kutoka Rufiji mwaka 1917, baba yangu akiwa bado ananyonya. Bibi hakusema kama waliomchukua walikuwa wa Mwingereza au wa Mjerumani. Yeye alisema tu, "walikuja askari". Hakurudi. Kaburi lake halijulikani, na picha hakupata kupigwa.

Basi nimeanza kuwageuza askari wangu kuwa wapagazi. Kazi yenyewe si ngumu kwa mtu mwenye subira. Naikata bunduki kwa msumeno wa sonara, naondoa mkanda na mifuko ya risasi kwa tupa, kisha naukunja mkono mmoja kwa koleo taratibu mpaka ufike kichwani. Ukiharakisha, mkono unakatika. Kofia ya askari naikwangua yote, na nywele nazifinyanga kwa ile gundi ya udongo ya sehemu mbili inayokandwa pamoja kabla haijawa ngumu. Mzigo ni njiti ya kiberiti niliyoizungushia karatasi laini iliyoloweshwa gundi. Ikikauka na kupakwa rangi ya majani makavu, huwezi kuitofautisha na turubai lililokunjwa. Blanketi la begani nalo ni karatasi hiyo hiyo. (Visanamu vya zamani vina risasi ndani ya bati, kwa hiyo anayetumia tupa anawe mikono kabla ya kula, na watoto wakae mbali.)

Kuhusu rangi, katika seti niliyotumiwa ilikuwamo chupa moja tu iliyoandikwa kuwa ni rangi ya ngozi, nayo ilikuwa ya waridi. Nimemwachia ofisa. Ngozi za wengine nazichanganya mwenyewe kwa kahawia, nyekundu kidogo na tone la buluu, na kila mmoja namchanganyia yake, maana hata katika safu moja ya ndugu hamna wawili wanaofanana rangi.

Labda mtu atauliza kwa nini nawalaumu wachezaji wa Uingereza wakati sisi wenyewe sanamu letu la shaba la mwaka 1927, pale katikati ya Dar es Salaam, ni la askari mwenye bunduki. Ni kweli. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari peke yake. Wenzetu wa Nairobi, katika ukumbusho wao wa mwaka 1928, mpagazi amesimama pamoja na wapiganaji. Sisemi sanamu letu livunjwe. Nasema mpagazi wa kimo chake angeweza kuwekwa karibu yake, na wahusika wa Makumbusho wakilifikiria hilo nitafurahi. Wakati tunasubiri, walimu wa sanaa wanaweza kuwafinyangisha wanafunzi safu ya wapagazi kwa udongo wa kawaida, bila kuagiza kitu chochote nje.

Mpaka sasa nimemaliza wapagazi 31. Kompania moja inataka 250, kwa hiyo kazi bado ipo. Mpwa wangu ameahidi kunikusanyia kwa wenzake visanamu vilivyovunjika bunduki, ambavyo wao huvitupa. Mimi hivyo ndivyo vinavyonifaa.

Mchora mabango mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam.