Polisi akiua, fidia analipa nani?

Wadau, leo nimetoka semina na hasira mpaka ubwabwa wa kantini umenishinda. Mada ilikuwa namna idara za polisi Marekani zinavyojikinga na kesi za madai. Jamaa aliyewasilisha akataja mafunzo, kumbukumbu nzuri, bima. Darasa likapiga makofi. Nikanyoosha mkono: hivi, hizo fidia anazilipa nani?

Kimya.

Haya, nawaambia. George Floyd aliuawa Minneapolis Mei 2020, polisi Derek Chauvin kamkandamiza shingo kwa goti zaidi ya dakika tisa. Machi 2021 jiji likakubali kuilipa familia dola milioni 27. Hazikutoka mfukoni kwa Chauvin. Ni hela ya jiji, yaani ya wananchi, wakiwemo majirani wa marehemu! Profesa Joanna Schwartz wa UCLA alipitia fidia za mwaka 2006 hadi 2011 katika idara kubwa 44. Polisi wenyewe walichangia asilimia 0.02 tu. Rudieni kuisoma hiyo namba jamani.

Sasa asiyelipa anajifunza nini? Ndo maana makaratasi yao ya "kupunguza hatari" mi nayaona danganya toto. Wanachokipunguza ni hatari ya hela kupotea, siyo ya raia kufa.

Angalieni Maywood, kamji kadogo ka California. Polisi wake walishtakiwa weee, mpaka mwaka 2010 mji ukanyimwa bima. Bila bima hakuna kazi, idara nzima ikavunjwa, ulinzi akapewa sherifu wa Los Angeles. Yaani raia wamelalamika wee hawajasikilizwa, kaja mwenye bima siku moja mambo yamekwisha! Inauma, ila ndo ushahidi wangu kwamba pesa ikibana watu wanashtuka.

Rumeti wangu anang'ang'ania eti polisi wakilipa wenyewe wataogopa kazi. Mbona dereva wa daladala anaposhtakiwa kwa kugonga mtu hatusemi ataogopa usukani? Colorado mwaka 2020 walipitisha sheria: mwajiri akiona polisi hakuwa na nia njema, polisi huyo anachangia hadi asilimia 5 ya fidia, isizidi dola 25,000. Ni kidogo, mi ningepandisha. Lakini angalau inamgusa yeye.

Alhamisi zamu yangu kuwasilisha, na nitalirudia swali lile lile. Mwenye desa la kesi za Marekani anipitishie rumu, nipo na msuli mpaka saa sita usiku.