Chipu isiyojitaja, muuzaji aitaje

Ukichomeka flashi kwenye kompyuta, Linux huiuliza: wewe nani? Flashi hujibu kwa namba mbili, ya kiwanda na ya bidhaa, na kerneli, yaani kiini cha Linux, ikatafuta kiendeshi kinachoifaa. Kadi za PCI nazo ni hivyo hivyo. Mafundi wamezoea. Kisha siku moja fundi ananunua chipu ya saa ya DS3231, anaiunga kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kwa nyaya nne, anawasha, anangoja. Atangoja sana.

Hajakosea kuunga. Chipu hiyo inaongea kwa I2C, njia ya nyaya mbili (zile mbili nyingine ni za umeme) iliyobuniwa na Philips mwaka 1982 ili chipu zilizomo ndani ya kifaa kimoja, kama televisheni, ziwasiliane. Aliyeunda kifaa alijua ameweka nini na wapi, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya chipu kuulizana majina. Kila moja ilipewa anwani, basi. Na anwani za kawaida zilizo wazi kutumika ni 112 tu, kwa hiyo zinagongana. 0x68 ni ya DS3231, ni ya kaka yake mkongwe DS1307, na ni ya MPU-6050 inayopima mwendo na mzunguko. Piga hodi 0x68, utajua kuna mtu ndani. Ni nani? Hasemi.

Wapo wanaotaka kerneli ijaribu yenyewe, ipite nyumba kwa nyumba mpaka ibahatishe. Hatukubaliani nao, na ushahidi upo. Programu ya lm_sensors ilikuwa ikipita anwani moja baada ya nyingine kutafuta vipimajoto. Ndani ya baadhi ya ThinkPad za IBM kulikuwa na chipu ya kumbukumbu, AT24RF08 ya Atmel, ambayo hodi ile iliifanya ivuruge data yake yenyewe. Mwenye kompyuta aliyetaka kujua joto tu akaishia kuona ujumbe wa kosa kila anapowasha. Waandishi wa kerneli walilazimika kuongeza sharti kwenye kiendeshi cha i2c-piix4: kikikuta mashine ni ya IBM, kigome kupakiwa. Hata leo i2cdetect, programu ya kutafuta chipu za I2C, hutoa onyo kabla ya kuanza kupapasa. Wengi wetu tumezoea kuongeza -y ili onyo lenyewe lisitokee.

Kwa hiyo kerneli hungoja kuambiwa. Kwenye Raspberry Pi ni mstari mmoja ndani ya config.txt: dtoverlay=i2c-rtc,ds3231. Kwenye Linux nyingine unaweza kuandika jina na anwani, ds3231 0x68, ndani ya faili la new_device lililo chini ya /sys, japo ukizima mashine inasahau. Kwa bodi inayotengenezwa kiwandani, taarifa hiyo hukaa kwenye mti wa vifaa, yaani faili linaloorodhesha kila chipu na mahali ilipo. Zamani bodi nyingi za ARM zilikuwa na faili zao za C ndani ya kerneli. Linus Torvalds, muumba wa Linux, alilalamika hadharani mwaka 2011 kuhusu mrundikano huo, na mti wa vifaa ukashika nafasi.

Tatizo linabaki kwa anayetaja. Kerneli haihakiki jina, inakuamini. Ukiiambia ni DS1307 kumbe ni DS3231, saa itaenda vizuri tu, maana sehemu zinazotunza saa na tarehe zinafanana. Kipimajoto cha ndani hutakiona, na alamu haitakutii. Kosa la namna hii linaweza kukaa miaka bila mtu kushtuka. Ukisema ni saa kumbe ni MPU-6050, saa haitaenda sawa, na hapo angalau utajua.

Haya si mambo ya maabara peke yake. Raspberry Pi zote kabla ya Pi 5 hazina saa inayotembea kwa betri. Iweke shuleni pasipo intaneti, umeme ukatike siku tatu, itaamka ikidhani ni Jumatatu iliyopita. Mahudhurio yataandikwa tarehe ya uongo, na siku intaneti ikipatikana, huenda tovuti zikakataa kufunguka kwa sababu vyeti vya usalama havikubaliani na kalenda yake. Chipu ndogo ya saa inamaliza hayo yote, mradi mtu ajue ni chipu gani.

Watengenezaji wa Raspberry Pi wenyewe walilijua hili. Tangu 2014, bodi ya nyongeza ikitaka kuitwa HAT lazima ibebe chipu ya kumbukumbu yenye maelezo yake, na Pi huisoma inapowaka. Kwa bodi ya gharama kubwa, hilo linawezekana. Kwa kimoduli cha bei ya chini hatuwezi kuidai, lakini karatasi tunaweza.

Wauzaji wa elektroniki wa Kariakoo na Luthuli, bandikeni kwenye kila pakiti mambo matatu: jina kamili la chipu, anwani yake, na volti inazotumia. Halmashauri na mashirika yanayoagiza vifaa vya shule, andikeni kwenye zabuni kwamba faili la mti wa vifaa litakabidhiwa pamoja na bodi, na msilipe awamu ya mwisho kabla ya kulipokea. Nawe fundi, kabla ya kufunga kasha, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike ndani ya kifuniko: DS3231, 0x68. Atakayelifungua baada yako hatakuwa na wa kumuuliza.